Deo, orodha yako nimeikata nusu

Entebbe, Machi

Ndugu yangu Deo,

Salaam nyingi kutoka huku ng'ambo ya ziwa. Natumaini Mama Koku na watoto hawajambo, na kwamba goti lako limepoa, maana safari hii linahitajika.

Mpango wako wa kuja Uganda Juni kutazama ndege nimeupata. Nimeusoma, nikachukua kalamu, nikaukata nusu. Usinune kwanza. Umepanga Murchison, Budongo, Kibale, Semuliki, Queen Elizabeth, Bwindi na Mabamba, zote kwa likizo moja ya mwalimu! Ni kweli Uganda ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, lakini kwa mwendo huo utaishia kuona vumbi na kisogo cha dereva. Ndege wa msituni hana muda na mtu mwenye haraka. Unasimama chini ya mti unamsikia tu, shingo inauma, unakaribia kukata tamaa, ndipo anatokeza mara moja na kupotea. Bila subira hiyo, bora tubaki nyumbani.

Kwa hiyo nasema sehemu tatu tu, mbali na hapa kwangu. Panda basi la asubuhi, uvuke mpaka pale Mutukula, upite Masaka. Pale Lukaya wachuuzi watalivamia dirisha lako na kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi za kuchoma. Kuku waachie wengine, gonja usiikose. Jioni ukishapumzika tutazunguka bustani ya mimea hapa Entebbe, ile iliyoanzishwa 1898. Wapo kasuku wa kijivu wenye mkia mwekundu, na yupo shorobo mkubwa wa buluu, mwenye kishungi cheusi, anayekimbia juu ya matawi kuliko anavyoruka.

Kesho yake, alfajiri, Mabamba. Hapa sikubali mjadala. Huyo korongo-nyangumi unayemtaka huko Murchison, Waganda wanamwita bulwe, na yuko hapa jirani yangu, kwenye kinamasi cha Ziwa Victoria. Tutaingia kwa mtumbwi mwembamba kati ya mafunjo, mwenye mtumbwi akisukuma kwa mti mahali pasipopigika kasia. Nilimwona mwaka jana kwa karibu hadi nikasahau kupiga picha. Kasimama, rangi ya jivu, kimo cha mtoto wa darasa la pili, mdomo mpana kama kiatu cha mbao na ncha yake imepinda kama ndoana. Hatikisiki. Jicho tu, la manjano iliyopauka, linatazama maji. Sisi tumebana pumzi, yeye hana habari na sisi. Ghafla akajiangusha mzima mzima, mabawa wazi, akainuka na mdomo uliojaa majani na matope, na katikati yake kamongo anajinyonganyonga. Akawa anatikisa kichwa huku na huku, majani yakidondoka kidogo kidogo, samaki hamwachii. Kisha akammeza.

Zamani wavuvi wa pale walimwona ni mkosi: ukikutana naye, siku hiyo nyavu zinarudi tupu, kwa hiyo walikuwa wakimuua. Leo baadhi yao ndio wanaowapeleka wageni kumtazama, na anawalipia watoto ada za shule. Mimi hilo linanifurahisha kuliko picha yoyote.

Kutoka hapo tunaelekea magharibi, hadi Ziwa Mburo. Tutapanda boti kumtafuta ndege mmoja wa majini mwenye haya, mdomo na miguu myekundu, anayeogelea chini ya matawi yaliyoinamia maji. Halafu kuna zuwakulu mwenye uso mwekundu, anayepatikana Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania pekee, tena kwa Tanzania ni huko huko Kagera kwenu. Utavuka mpaka kwenda kumtazama jirani yako, lakini mimi nitanyamaza.

Mwisho ni Ruhija, upande wa juu wa Bwindi, na hapo ndipo goti lako linapohusika. Kuna njia inayoshuka hadi kinamasi cha Mubwindi, na kilichoshukwa lazima kipandwe. Tunamfuata ndege mdogo wa kijani mwenye koo la samawati, ambaye mbali na Bwindi yuko milima ya mashariki ya Kongo tu. Anakaa kimya kwenye matawi, rangi ileile ya majani. Tunaweza kumkosa, nakuambia mapema. Njoo na sweta zito na viatu vya kushika tope. Hata kiangazi mvua ya Bwindi haina ratiba. Ukimaliza, unashukia Masaka na kupanda gari la Mutukula bila kurudi kwangu.

Wale wahamaji wa Ulaya hatutawakuta Juni. Wasikuumize kichwa, Desemba utawaona hata ufukweni Bukoba.

Zile sauti za ndege ulizopakua kwenye simu, tafadhali zikae hukohuko. Dume akisikia sauti ya dume mwenzake anadhani kavamiwa, anaacha shughuli zake na kuja kupigana na simu yako. Kiongozi wa hifadhi tutakayepewa anazijua sauti hizo kwa masikio yake, na tutamlipa kwa kazi hiyo.

Chukua pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hifadhini sisi raia wa Afrika Mashariki tuna kiingilio chetu, nafuu kuliko cha wageni wa mbali, ila lazima uonyeshe karatasi. Darubini ninayo moja. Ya pili azima kwa yule mwalimu mwenzako wa jiografia, kama bado mnasalimiana.

Nijibu kabla Aprili haijaisha, niombe likizo kazini na kumtafuta mwenye gari. Na kama bado unang'ang'ania Semuliki, nipigie simu tugombane vizuri.

Nduguyo,
Hamisi