Kikao cha vifaa sasa ni Alhamisi

Habari za jioni wapendwa. Kikao si Jumatano tena, ni Alhamisi saa 8 mchana, chumba cha mikutano. Wa Mbagala na Gongo la Mboto, foleni mnaijua.

1. Kila wodi ije na daftari la matengenezo.
2. Mashine za oksijeni: filta ioshwe kwa sabuni, ikauke kabisa ndipo irudishwe. Jana moja nimeikuta imebanwa ukutani, filta ina vumbi kama zulia. Nayo inavuta hewa jamani!
3. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni: futeni kwanza rangi ya kucha, inaweza kudanganya namba.

Chai ni 2,000, mpeni mhazini.

Andika "Nipo" na jina la wodi yako kabla ya kesho jioni. Ukiwa zamu, sema nani anakuja badala yako.