Ulezi wa wanafunzi wajasiriamali ufuate msimu, si muhula

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vyuo vyetu vya Dodoma, hasa vile vinavyoendesha mafunzo ya ujasiriamali kwa timu zinazochanganya wanafunzi wa hapa na wa kutoka nje. Mimi ni mama mkulima wa zabibu, Mpunguzi, barabara ya Iringa. Biashara sikuisomea darasani, ila msimu uliopita chuo kimoja cha hapa mjini kiliniomba niwe mmoja wa walezi wa timu hizo. Nilikubali kwa moyo mweupe.

Timu niliyopewa ilikuwa na vijana wanne: Mgogo wa Bahi, binti wa Moshi, Mrundi anayesoma hapa, na Mjerumani aliyekuja kwa muhula mmoja. Vijana wenye adabu. Mjerumani alikuwa ameshajifunza kusema shikamoo, akamwamkia mpaka mjukuu wangu wa miaka sita, naye mtoto bila haya akaitikia marahaba.

Wazo lao lilikuwa sanduku la kukaushia zabibu kwa jua: fremu ya mbao, nailoni juu, wavu ndani, matundu ya kupitisha hewa. Mkulima akikosa mnunuzi, akaushe auze zabibu kavu. Hapo waligusa kidonda chenyewe. Zabibu zetu huiva kwa pamoja, wanunuzi ni wale wale, na kishada kikishakatwa hakina subira. Nimewahi kumwaga kreti kwa kreti nikiwa naziangalia.

Walinionyesha slaidi kwenye laptopu chini ya mwarobaini. Nikawasikiliza mpaka mwisho, kisha nikaingia shambani nikawakatia kishada cha zabibu aina ya Makutupora Nyekundu. Zilikuwa bado changa, chachu. Nikawaambia watafune. Wakakunja nyuso, wakatafuna. Yule binti akatemea mbegu kiganjani, akaziangalia, akamwangalia mwenzake. Zabibu kavu anazozijua mteja wa dukani hazina mbegu. Hizi tunazolima wengi ni za mvinyo, na mbegu zimo. Hiyo ilikuwa wiki ya saba ya mafunzo. Nembo ya kampuni ilikuwa imeshachorwa, na bei ya pakiti imeshapangwa.

Siwalaumu wao. Mlezi wao mkuu alikuwa Ulaya, wakizungumza naye kwa Zoom kila Jumanne usiku, na sitasema hakuwasaidia. Namna aliyowafundisha kuhesabu gharama, mpaka saa za kazi ya mtu mwenyewe, nami nimeidokoa; ndiyo kwanza nikajua kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nauza jasho langu bure. Lakini mtu aliyeko huko atajuaje kuwa zabibu ya Mpunguzi ina mbegu? Kuna kituo cha utafiti wa zabibu hapo Makutupora, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Hakuna aliyewapeleka.

Kubwa zaidi ni kalenda. Mafunzo yale yalikuwa ya wiki 12. Mzabibu, toka kupogolewa hadi kuvunwa, unataka kama miezi minne, na huku tunavuna mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa mwaka, kuelekea Machi, halafu Agosti na Septemba. Siku vijana wangu wanapanda jukwaani mbele ya majaji, zabibu zangu zilikuwa zimebakiza wiki tatu. Hawakuwa wamekausha hata kilo moja iliyoiva. Bakuli walilowapitishia majaji lilikuwa la zabibu kavu walizonunua supamaketi. Wakashika nafasi ya pili, wakapiga picha na hundi ya kadibodi kubwa kama mlango, na programu ikafungwa. Nilipovuna, wawili tu ndio walipokea simu.

Lipo na jambo la sheria, ambalo kwa timu zenye wageni lingepaswa kuwa somo la siku ya kwanza. Mpango wao ulisema Mrundi, kwa kuwa ana pikipiki na Kiswahili anakijua, apite vijijini kununua zabibu shambani. Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na kununua mazao shambani imo, pamoja na viwanda vidogo. Wakenya walipiga kelele wakati ule, magazeti yakajaa. Hata hivyo vijana hawa walilisikia kwangu, nami nililithibitisha kwa afisa biashara. Mgeni ana nafasi yake katika timu, kwenye usanifu, kwenye kutafuta soko la nje. Ila nani anakwenda BRELA kusajili kampuni kwa jina lake, nani anabeba sampuli kwenda TBS, shirika la viwango, hayo yasisubiri mpaka baada ya makofi.

Ninachoomba si kikubwa. Timu inayoshughulika na zao isifungiwe mafunzo kabla zao halijavunwa, hata kama muhula umekwisha. Mgeni akirudi kwao, WhatsApp ipo. Na kila timu iwe na mlezi wa hapa anayelima, anayesindika au anayeuza kitu hicho hicho, asikilizwe kuanzia wiki ya kwanza na arudishiwe nauli (bodaboda ya kwenda na kurudi nililipa mwenyewe kila mara, na bado nikakaa mstari wa nyuma siku ya mashindano).

Sanduku lao waliliacha kwangu. Kwa zabibu sijalitumia, lakini tumekaushia mlenda, na umetoka wa kijani kabisa, hauna mchanga wala kinyesi cha kuku kama ule tunaoanika juu ya mawe. Wiki iliyopita jirani yangu na shemeji yake wamekuja kulitazama. Wanataka kujua linauzwa shilingi ngapi. Nimempigia kiongozi wa timu mara tatu, namba haipatikani.

Mkulima wa zabibu,
Mpunguzi, Dodoma.