Mgeni Akiamka Chumbani, Ajue Yuko Kisumu

Kazi yetu ni kubuni na kupamba ndani ya hoteli hapa Kisumu, na wenye hoteli wengi wanaotujia huwa na picha kwenye simu. Ni mapokezi ya hoteli fulani ya Dubai au ya Westlands, Nairobi: dari ya jipsamu yenye taa za buluu zilizofichwa, taili nyeupe zinazometameta, makochi ya kijivu. Wanauliza kama tunaweza kuwafanyia hivyo. Kazi hiyo tunaiweza, lakini nasi huwa na swali letu: mgeni aliyepanda basi la usiku kutoka Nairobi akashuka hapa alfajiri atakuta nini kwako ambacho hakukiacha huko alikotoka?

Wengine wanataka hoteli "ya Kiafrika". Basi wananunua ngao za Kimaasai za kutundika ukutani, mito yenye milia ya pundamilia na picha za twiga za kupanga kando ya ngazi. Ni vitu vizuri vikiwa kwao, ila Kisumu ni mji wa ziwa, reli na soko. Msimamo wetu tunausema mapema ili mteja ajue anampa nani kazi: hoteli ya mjini ichukue sura yake kutoka mtaa inaposimama, na iichukue kwa vifaa, kwa mwanga na kwa kazi za mikono ya watu wa hapo, kabla hatujafika kwenye mapambo.

Na tukisema mtaa hatumaanishi mji mzima. Milimani kuna miti mikubwa na utulivu, kwa hiyo hoteli ya huko inaweza kuegemea bustani. Kondele hakulali, chumba cha huko kinadai kwanza dirisha linalozuia kelele na pazia zito, urembo baadaye. Dunga ni mashua na samaki. Lakini kazi zetu nyingi ziko katikati ya mji, upande wa Barabara ya Oginga Odinga, na huko ndiko historia ilikolundikana.

Reli kutoka Mombasa ilifika ufukoni hapa Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandazaji wa reli. Meli za mvuke za miaka hiyo zilitengenezwa Uingereza, zikafunguliwa, zikaletwa vipande vipande na kuunganishwa upya Kisumu. Wafanyabiashara wa Kihindi walifuata reli, wakajenga maduka yenye baraza mbele. Mnara wa saa ulisimamishwa mwaka 1938. Pita huko asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, uinue macho: utaona nguzo, vivuli vya saruji juu ya madirisha na matundu ya hewa karibu na dari. Ukiingia ndani, mara nyingi utakanyaga sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa nta mpaka ikang'aa.

Sakafu hiyo nyekundu tunaipenda sana. Ni baridi mguuni, na katika joto letu hilo si jambo dogo. Mafundi wa hapa wanaijua. Ikipata ufa hurekebishwa, wala hulazimiki kuzunguka mji mzima ukitafuta taili za saizi na rangi iliyokwisha madukani miaka mitatu iliyopita. Tukiikuta imefunikwa katika jengo la zamani, tunamsihi mwenye jengo aturuhusu kuifunua. Hata matundu ya hewa tunayatetea. Wengi huyaziba wanapoweka eyakondishena, kisha umeme ukipotea chumba kinakuwa tanuri. Tunayarudishia wavu wa mbu na kifuniko cha mbao kinachofungwa na kufunguliwa, na mgeni anachagua mwenyewe.

Jua nalo lina mambo yake. Kisumu iko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua la asubuhi na la alasiri hulenga madirisha ya mashariki na magharibi. Ziwa nalo liko magharibi. Maana yake ni kwamba chumba ambacho mgeni analipia zaidi ili aone ziwa ndicho kinachochomwa kuanzia saa tisa hadi machweo. Pazia la ndani, hata likiwa zito namna gani, linachelewa: joto limeshapita kwenye kioo. Kivuli lazima kiwe nje ya kioo. Tunapendekeza roshani yenye kina cha kutosha, au mikeka ya mafunjo inayokunjwa kwa kamba, ishushwe alasiri na kupandishwa jua likikaribia kuzama, mgeni atoke na kiti chake akatazame. Mafunjo hayo humea kandokando ya ziwa, na pale Dunga kuna watu wanaoishi kwa kuyakata na kuyasuka. Ila tahadhari: mafunjo makavu hushika moto upesi. Hatuyaweki kwenye dari ya korido, kwenye ngazi wala karibu na jiko, hata mteja akiona yanapendeza huko.

Kitu ambacho wageni huulizia zaidi ni viti vya magugu maji. Magugu hayo yamelisumbua ziwa letu tangu miaka ya 1990. Yanafunga njia za mashua, yananasa nyavu, na kuna siku ghuba ya Winam inaonekana kama shamba. Mafundi hapa wamejifunza kuyatumia. Hukatwa shina la jani, lile lililovimba lenye sponji ndani, likaanikwa juani mpaka rangi ya kijani iondoke kabisa na libaki la kahawia hafifu. Kisha husokotwa au kusukwa kamba, na kamba hiyo huzungushwa kwenye fremu ya mbao au chuma. Kiti kikitoka hapo ni chepesi, kina joto la rangi ambalo plastiki haiwezi kuiga, na mgeni akiambiwa kimetokana na yale majani aliyoyaona yakielea, huketi tena akikipapasa.

Lakini hapa ndipo wenye hoteli wengi wanapopoteza pesa, wakinunua kwa kutazama tu. Shina ambalo halikukauka sawasawa huota ukungu msimu wa mvua, tena huanzia chini ya kiti, mahali usipopachungulia. Unapokagua, kigeuze kiti. Bonyeza msuko kwa kidole gumba: ukibonyea na kubaki hivyo, bado kuna maji ndani. Kinuse. Angalia kama vanishi imepakwa pande zote au ile inayoonekana pekee. Na kiti kizuri cha magugu maji hakikai bafuni, hakikai kando ya bwawa la kuogelea, na hakikai mahali mvua ya alasiri inapopiga. Mapokezi, chumbani na sebule ya juu ndiko kwake.

Taa zinahitaji akili ya hapa pia. Vidudu vya ziwani huja kwa mawingu usiku, na taa nyeupe kali mlangoni huwaita wote. Mwanga wa manjano ulioelekezwa chini hauwavutii sana, na unapendeza ngozi ya mtu kuliko ule mweupe. Kwa muundo tunaiga karabai, zile taa za kutia pampu ambazo wavuvi wa omena walibeba usiku wa giza ili kuwavuta samaki. Mhunzi wa jua kali akipewa mchoro mzuri anatengeneza kofia ya taa kama ile, tunatia balbu ya kawaida, na meza ya mgahawa inapata mwanga wake bila kumulika ukumbi mzima.

Mawe ya Kisii, yanayochimbwa Tabaka, ni laini na hukatwa kwa msumeno wa kawaida. Tunayatumia kwa namba za milango na visahani vya sabuni. Sakafuni hapana, yatakwaruzika.

Chandarua ni lazima hapa, basi kisiwe kitu cha aibu kinachoning'inia kwenye msumari. Tunamwagiza seremala achonge fremu ya kitanda yenye nguzo nne, chandarua kikae mraba na kifungwe vizuri mchana. Vitanda hivi tunavitoa soko la Kibuye, hapa mjini, kila inapowezekana. Kazi ya maseremala wa pale ni imara ukiwapa vipimo kamili, mbao zilizokauka na muda wa kutosha. Wakiharakishwa kwa sababu hoteli inafunguliwa wikendi, mbao zitajipinda ukutani kwako.

Rangi tunachagua mwisho, tukiwa ndani ya chumba chenyewe. Tunapaka vipande vikubwa ukutani na kuvitazama asubuhi, alasiri na usiku chini ya taa zitakazotumika. Kutoka mashua za hapa, zilizopakwa rangi kali na kuandikwa majina ubavuni, huwa tunachukua rangi moja tu kwa kila ghorofa na kuiweka kwenye milango. Kuta zinabaki tulivu.

Kuhusu gharama: si lazima ufunge hoteli yote. Tunaweza kuanza na chumba kimoja cha mfano, ulaze wageni humo kwa miezi michache, usikie wanasema nini, kisha tuendelee ghorofa kwa ghorofa. Bei tunakupa kwa maandishi baada ya kukagua jengo, vifaa kando na ufundi kando, ili uone kila shilingi inakwenda wapi.

Ukija kutuona, beba ramani ya jengo kama unayo, na picha za zamani za jengo kama zipo kwa familia iliyolijenga. Tuambie pia ni chumba kipi ambacho wageni hukikataa au huomba kuhamishwa. Tutaomba kukaa humo alasiri moja, maana kazi yetu huanzia hapo.