Kompyuta ya mezani imechoka: tuiongezee nguvu au ununue nyingine?

Kabla hujatoa hela ya kifaa chochote, jiulize: siku mashine hii ikifa, kifaa hicho kitahamia kwenye nyingine? SSD, diski ya kasi inayochukua nafasi ya hadidiski, inahama. RAM (kumbukumbu ya muda) ya aina ya zamani, DDR3, haihami, inazikwa na mazabodi (bodi kuu) yake. Ushauri tunaowapa wateja wa Mtwara na Lindi unaanzia hapo.

Anza kwa kujua una mashine gani. Steshenari, shule na ofisi za AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za huku zimejaa Dell OptiPlex na HP za mtumba kutoka Kariakoo, na maandishi ya kwenye kasha yanaweza kukupotosha. OptiPlex 7010 ipo ya mwaka 2012 na ipo ya 2023, jina lile lile, ya kwanza ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 3 na ya pili ya kizazi cha 13. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha soma mstari wa prosesa. i5-3470 ni kizazi cha 3, i5-4590 cha 4, i5-6500 cha 6, i5-8500 cha 8.

Kizazi cha 8 ndicho mpaka. Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 kwenda juu isipokuwa chache sana. Mashine ya Windows 10 inaendelea kuwaka kama kawaida, ila matundu ya usalama yanayogunduliwa hayazibwi tena, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwenye mpango wa ziada wa Microsoft (ESU). Kwa kompyuta inayochapa mitihani na haijaunganishwa intaneti, hilo si la kukukosesha usingizi. Kwa ile inayoingia benki au yenye hesabu za wakulima msimu wa korosho, ni hatari. Njia ya kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine ya zamani ipo, lakini Microsoft haiahidi kwamba masasisho yataendelea kuja. Core 2 Duo usihangaike nayo: tangu toleo la 24H2, Windows 11 haiwaki kabisa kwenye prosesa hizo.

Sasa tafuta kinachoichelewesha. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa Performance, na uangalie huku ukifanya kazi zako za kila siku. Diski ikikaa kwenye asilimia 100 wakati prosesa iko 15 na RAM ina nafasi, tatizo ni hadidiski. RAM ikipita 90 na diski nayo ikihema, RAM ndiyo imejaa na Windows inamwagia mzigo kwenye diski. Prosesa ikigota 100 hata usipofungua kitu, tafuta kirusi, au feni iliyoziba vumbi.

Mara nyingi mkosaji ni hadidiski. Ikisoma faili moja kubwa hufikia MB 100 hadi 150 kwa sekunde, lakini Windows ikiwaka husoma maelfu ya vifaili vilivyotawanyika, na hapo kasi huporomoka hadi karibu MB 1. SSD ya SATA husoma kama MB 500, na kutawanyika hakuisumbui kiasi hicho. Kwa ofisi GB 256 zinatosha. Jihadhari na SSD ya TB 2 inayouzwa bei ya kutupa. Hizo huonyesha ukubwa wa uongo na kuharibu faili zikijaa.

Kabla ya kuhamisha chochote, pima diski ya zamani kwa programu ya CrystalDiskInfo. Mstari wa Current Pending Sector (sehemu za diski zinazogoma kusomeka) ukiwa na namba yoyote zaidi ya sifuri kwenye safu ya Raw Values, nakili mafaili yako kwanza na uache kuiwasha na kuizima. Diski ya namna hiyo hatuihamishi nzima nzima, tunapiga Windows upya. Na betri ya CR2032 ibadilishwe siku hiyo hiyo. Ikiisha, tarehe inarudi nyuma na tovuti zinagoma kufunguka. Kwenye Dell kuna kisa kingine: BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) inaweza kurudi kwenye mpangilio wa diski wa kiwandani, RAID On, wakati Windows yako iliwekwa kwa mpangilio wa AHCI. Skrini inageuka bluu na kuandika INACCESSIBLE BOOT DEVICE, mtu anadhani SSD mpya imekufa. Rudisha AHCI, inawaka.

RAM ya GB 8 inatosha kazi za ofisi, na vipande viwili vya 4 ni bora kuliko kimoja cha 8 kama nafasi zipo. Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4, hivyo usiongeze RAM kabla ya kubadili Windows. Mtego mkubwa ni vipande vya DDR3 vya GB 8 vya bei rahisi mno: vingi vimetengenezwa kwa bodi za prosesa za AMD pekee. Ukivichomeka kwenye OptiPlex ya Intel, mashine inalia au inawaka bila picha.

Sisi wa pwani tuna adui wa ziada. Hewa ya chumvi ya Shangani na Mikindani hufifisha meno ya RAM, na mashine "iliyokufa" mara nyingine hufufuka kwa kuyasugua kwa kifutio cha penseli. Lakini ukiona unga wa kijani au mweupe kwenye bodi, au kapasita zilizovimba kichwa, usiiongezee hata shilingi.

Pawasaplai nazo zinaungua sana kwa umeme wa kukatika na kurudi ghafla. OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zinatumia plagi kuu ya pini 8, si 24, kwa hiyo pawasaplai ya kawaida ya dukani haiingii bila adapta.

Msimamo wetu ni huu. Kizazi cha 8 kwenda juu, iongezee bila kusita. Cha 6 na 7, weka SSD, na RAM pia ikiwa ni ya aina mpya zaidi, DDR4, maana itahamia mashine ijayo. OptiPlex 3040 ina DDR3L, ambayo ni aina ya DDR3, hiyo RAM iache. Cha 4 na cha 3, SSD peke yake, tena bodi ikiwa safi. Ikidai na kifaa cha pili, simama hapo. Chini ya hapo tafuta nyingine.

Ukitafuta nyingine, OptiPlex 3060, 5060 au 7060, au HP EliteDesk 800 G4 au ProDesk 600 G4, zinafaa: i5-8500 ina kori 6 wakati i5 za mezani za nyuma yake zina 4 au pungufu. Ingia BIOS mbele ya muuzaji, uhakikishe haijafungwa kwa nywila. Monita yako ya VGA usiitupe, ila huenda ukahitaji adapta ya DisplayPort. Na agiza kabla ya masika. Vifaa vinakuja na basi kutoka Dar, na mvua za 2024 zilionyesha barabara ya Somanga inavyoweza kukatika.

Ukituletea mashine, lete kasha na waya wake tu. Andika nywila kwenye karatasi, taja programu unazozitumia kila siku na printa uliyonayo, na kama hujanakili mafaili yako, sema kabla hatujafungua skrubu.