Barua ya wazi kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Taaluma): asilimia ya programu si ushahidi

Profesa, shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linawagusa wanafunzi, na wazazi wanaowalipia ada, ambao hawana kiti kwenye vikao vyetu. Mimi ni mhadhiri hapa Tabora, nasimamia utafiti wa mwaka wa mwisho. Muhula huu tumeagizwa kupitisha kila ripoti kwenye programu ya kubaini maandishi ya akili mnemba, yaani yaliyoandikwa na mashine kama ChatGPT, na programu ikisema zaidi ya asilimia 20 ya ripoti ni ya mashine, mwanafunzi apewe sifuri. Naomba agizo hilo lifutwe.

Mwanafunzi wangu mmoja ametafiti warina asali wa Sikonge. Alikaa nao kijijini, akaongozana nao hadi kwenye mizinga ya magome ndani ya miombo, akaandika mahojiano kwenye daftari, mengine kwa Kinyamwezi, mengine kwa Kiswahili. Daftari hilo nimelisoma lote. Rasimu zake nimezisahihisha tangu sura ya kwanza, na nimemwona akihangaika na kila aya. Programu ikasema zaidi ya nusu ya kazi yake imeandikwa na mashine. Amepata sifuri, na mahafali yanakaribia.

Profesa, programu hizi hazina njia ya kujua nani aliandika. Nyingi hupima jinsi ilivyo rahisi kukisia neno linalofuata. Kwa kuwa mashine huunga maneno yaliyozoea kufuatana, maandishi yoyote ya maneno ya kawaida na sentensi za mpangilio uleule huhesabiwa kuwa yake. Sasa mtazame kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaanza kufundishwa kwa Kiingereza kidato cha kwanza, akakariri namna chache za kuanzisha aya kwa sababu ndizo zilizompa alama. Kiingereza chake ni cha tahadhari. Anatumia maneno anayoyaamini na kukwepa yale asiyo na hakika nayo. Hapo ndipo kipimo kinapomkamata, na hao ndio wanafunzi wetu wengi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walilijaribu hili mwaka 2023. Walichukua insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha kwenye programu saba. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine. Insha za wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani karibu zote zilisalimika. OpenAI, waliotengeneza ChatGPT, nao walitoa kipimo chao Januari 2023. Kwa maelezo yao wenyewe, kiligundua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine na kusingizia asilimia 9 ya maandishi ya binadamu kuwa ya mashine. Julai mwaka huohuo walikiondoa. Kama waliounda mashine wameshindwa, sisi tunahukumu kwa kigezo gani?

Wakati huohuo mdanganyifu halisi anapita. Zipo programu za kubadili maneno ili kipimo kisishike. Nimesoma ripoti iliyopata asilimia ndogo kabisa, lakini nilipotafuta marejeo yake, makala kadhaa hazikuwepo popote duniani. Akili mnemba hutunga jina la mwandishi, jarida na mwaka vikafanana na vya kweli. Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi za kubuni walizopewa na ChatGPT. Udanganyifu wa namna hiyo haugunduliwi kwa asilimia. Unagunduliwa na mtu anayefungua marejeo na kuyasoma, kazi ambayo agizo hili linatufanya tuiache.

Wala wizi wa kitaaluma haukuanza Novemba 2022, ChatGPT ilipotoka. Kuna wanafunzi waliokuwa wakiandikiwa ripoti steshenari kwa malipo, na sote tulikuwa tukisikia. Waliokamatwa walikamatwa walipoulizwa kuhusu kazi yao wakakosa jibu. Njia hiyo bado tunayo. Mwanafunzi alete daftari la uwandani na rasimu zake, akae mbele ya wasahihishaji wawili, aeleze alimhoji nani, kwa nini alichagua mbinu ile, na jedwali lake linasema nini. Najua tuko wachache na madarasa yamejaa. Hata dakika kumi zinatosha kumtambua asiyeijua kazi yake.

Kila ripoti pia iwe na ukurasa wa tamko: nilitumia programu gani, kwa kazi ipi. Anayesahihisha sarufi au kutafuta neno la Kiingereza asiogope kusema. Anayebuni takwimu, nukuu au marejeo aadhibiwe kikamilifu, awe ametumia mashine au kichwa chake. Na tamko hilo litubane sisi pia tunaotunga mitihani na kusahihisha, maana wapo wenzetu wanaotumia programu hizohizo bila kumwambia mtu.

Lipo moja zaidi ambalo sijasikia likijadiliwa. Ripoti tunazopandisha kwenye programu hizi zina majina ya wanakijiji na maneno waliyotuamini nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu. Mzee wa Sikonge aliyekubali kuhojiwa na mwanafunzi hakukubali maneno yake yapelekwe kwenye kompyuta za kampuni asiyoijua.

Naomba suala hili liingizwe kwenye ajenda ya kikao kijacho cha Seneti. Kabla ya hapo, naomba wote waliopewa sifuri kwa kigezo cha asilimia peke yake waitwe na kusikilizwa kabla orodha ya wahitimu haijapitishwa. Mwanafunzi wangu yuko tayari na daftari lake, nami niko tayari kuketi naye.

Mhadhiri, Tabora