Barua ya wazi kwa wanangu wa kikoba: ile picha ya beseni

Wanangu,

Nawasalimu. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo tangu vuli ianze halitaki kusikia habari ya ngazi. Leo siandiki mambo ya hisa wala marejesho. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumapili, na nimeona nilitoe mbele ya wote kwa kuwa na nyinyi mlilifanya mbele ya wote.

Jumapili mlikwenda kumwona mwenzenu aliyejifungua. Mlikwenda sita, mkabeba sabuni, doti ya kanga, pakiti ya pampasi na chupa ya uji wa pilipili manga. Hapo mlifanya utu, na mfuko wa jamii tuliuanzisha kwa ajili hiyo. Mimi goti lilinibakiza nyumbani. Jioni nikafungua simu nione mtoto kafanana na nani, nikakutana na picha ya beseni. Beseni la bluu sakafuni, sahani zina ukoko wa ugali, sufuria ya maziwa imeungua, pembeni nepi ya kitambaa inasubiri kufuliwa. Chini yake mmoja wenu kaandika, "Uzazi si uchafu jamani," na vikaragosi vya kucheka. Wanane wakacheka naye. Nimewahesabu. Mmoja ni mkwe wangu mwenyewe, na tumeshaongea.

Mzazi yule siku hiyo alikuwa na siku kumi na moja tangu apasuliwe. Mtoto wake wa kwanza ana miaka mitatu. Mama yake mzazi ni marehemu. Mumewe alirudi kazini siku ya nne, maana sheria ya kazi ya nchi hii inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo na baba siku 3, kama kwamba mtoto kazaliwa na mtu mmoja. Sasa niambieni, lile beseni lilikuwa lioshwe na nani? Mlikuwa sita. Mna mikono kumi na miwili, na mmoja wenu mkono wake ulipata nafasi ya kushika simu ukakosa nafasi ya kushika dodoki.

Kesho yake mzazi yule akajitoa kwenye kundi letu la simu bila kuaga. Alhamisi nikajikongoja hadi kwake. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili, nikasikia pilikapilika ndani: kiti kinaburuzwa, kitu cha bati kimeanguka, mtoto anaambiwa anyamaze. Nilisimama juani muda wa kutosha kusoma tangazo zima la mganga lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme, pamoja na namba zake mbili za simu. Alipofungua, jasho linamtiririka, mkono mmoja kaushika kwenye mshono. Sebuleni kumepangwa kama dukani. Chini ya pazia la chumbani ulikuwa umetokeza mguu wa suruali, nikajua mlima wa nguo umekimbiziwa huko. Na yule wa miaka mitatu kakalishwa kwenye kochi, mikono magotini, macho mbele, kama anasubiri picha ya pasipoti.

"Karibu shangazi," akasema. "Samahani kwa uchafu."

Nimefanya uuguzi na ukunga miaka 33. Mwanamke mwenye mshono wa siku kumi na tano haburuzi viti. Anaweza kufumuka. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Nyinyi mmetufikisha mahali mgeni akibisha hodi mwenyeji anahatarisha tumbo lake.

Hebu kwanza tuelewane uchafu ni nini, maana naona neno hili siku hizi linatumika ovyo. Mwaka 1973 nilikuwa binti mdogo ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 nchi nzima walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio. Kikundi cha mama kilikaa chini ya mkorosho wetu, redio moja juu ya kigoda, kiongozi anasoma kijitabu, halafu wanajadiliana. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika mtoto asilie. Ninavyokumbuka, walifundishwa kuchimba choo, kuchemsha maji ya kunywa, kufukia madimbwi ya mbu, kufyeka majani karibu na nyumba, kuanika vyombo kwenye kichanja. Baada ya hapo vyoo vilichimbwa kijijini kwetu kama mashindano. Sikusikia hata siku moja redio ikiuliza kama kitambaa cha kochi kimenyooka.

Na zahanati nayo ilinifundisha vivyo hivyo. Nimepokea mtoto aliyekunywa mafuta ya taa kwa sababu yaliwekwa kwenye chupa ya soda. Nimepokea aliyeungua kwa uji, aliyetumbukia kichwa kwenye ndoo ya maji isiyo na mfuniko, na wa kuhara siwezi kuwahesabu. Hao wengine walitoka nyumba zinazong'aa. Sijawahi kupokea mtoto aliyeugua kwa sababu ukuta umechorwa, au kwa sababu nguo zilizofuliwa zilikaa siku mbili kwenye kiti bila kukunjwa. Hizo ni vurugu. Nyumba yenye watoto ina vurugu, na ikikosa huwa nauliza watoto wamekwenda wapi.

Nami sisemi haya kwa kuwa nilikuwa malaika. Niliolewa 1983, na fedha ya kwanza ya kueleweka niliyoishika nilinunua kabati la vioo. Ndani nikapanga vikombe sita vyeupe vyenye mstari wa dhahabu, na birika lake. Ufunguo niliufunga kwenye pindo la kanga. Makochi niliyavisha vitambaa nilivyofuma mwenyewe kwenye zamu za usiku, na ole wake mtoto atakayeketi juu yake. Sebule ilikuwa ya wageni. Wenye nyumba tulibanana ukumbini kwenye mkeka, sahani ya huyu kwenye goti la yule. Wanangu wanne walivitazama vile vikombe kwa nje ya kioo miaka yote, wao wananywea vya plastiki. Wa tatu, akiwa darasa la kwanza, aliwahi kuniuliza, "Mama, mimi nitakuwa mgeni lini?" Nikacheka sana. Nikaenda kuwasimulia wenzangu kazini, nao wakacheka.

Mwaka 2006 baba yao akafariki. Mnajua msiba unavyoingia nyumbani, haubishi hodi. Kabla mwili haujatoka hospitali vijana wa mtaa walishaingia sebuleni, wakabeba makochi na vitambaa vyake, wakayarundika nje chini ya mwembe, wakatandika mikeka ukuta kwa ukuta. Kabati likafunguliwa, hadi leo sijui nani alifungua ule ufunguo kwenye kanga yangu. Vikombe vya mstari wa dhahabu vikanywewa kahawa na watu nisiowajua majina. Viwili vikavunjikia kwenye karai uani. Usiku mvua ikanyesha, makochi yakalowa mpaka mbao.

Mimi nimekaa mkekani nimeegemea ukuta. Ukuta ule nilikuwa sijauona miaka mingi, maana kochi kubwa lilikuwa halisogezwi. Nikageuza shingo tu kuipumzisha. Usawa wa bega langu palikuwa na gari limechorwa kwa penseli. Lina magurudumu matano. Dereva kichwa chake kikubwa kuliko gari lenyewe, na juu yake herufi za mtoto anayejifunza kuandika, B moja imeangalia nyuma: BABA. Kando yake mistari mingi ya kupimana urefu, mmoja juu ya mwingine, bila majina. Kumbe walikuwa wakijipenyeza nyuma ya kochi, huko kwenye vumbi, mahali pekee pa sebule yangu ambapo kitambaa cha kufutia hakikufika.

Wenye msiba wakadhani namlilia marehemu. Nilikuwa namlilia, lakini si yeye peke yake.

Fundi rangi amekuja kwangu mara mbili tangu wakati huo. Mara zote nimemwambia kile kipande akiruke. Mara zote kanitoza bei ileile.

Sasa nirudi kwenye dunia ya leo, maana naona kuna watu wamekaa pembeni wanatikisa kichwa kama barua hii haiwahusu. Akina baba, mimi nawaona. Mwanamume anaingia ndani, anaruka suruali yake mwenyewe iliyolala mlangoni tangu jana, halafu anauliza, "Nyumba hii ina mtu?" Ina mtu, baba. Ina mtu mmoja anayefanya kazi za watu watatu. Akina mama wakwe wenzangu, acheni kupitisha kidole juu ya friji mkakiangalia. Kama umeona vumbi, tambara liko jikoni. Na nyinyi wenye kutangaza sebule nyeupe kwenye simu, makochi meupe, zulia jeupe, mtoto kavaa nyeupe, mnawafanya mabinti wa chumba na sebule wajione wameshindwa maisha. Chumba na sebule chenye watu watano, jiko likiwa korido, maji yanatoka usiku wa manane ya kukinga kwenye madumu, mama anaamka saa kumi alfajiri kuwahi gari na kurudi saa mbili usiku. Huyo nyumba yake itafananaje na ya simu? Wala ile ya simu haifanani na ya simu. Kamera imegeuzwa upande mmoja tu.

Halafu mkiona nyumba ya mama mwenye kazi inameremeta kuanzia mlangoni mpaka uani, ulizeni inameremetishwa na nani. Mara nyingi ni binti wa mtu kutoka mkoani, umri wake wa kuwa kidato cha pili, anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza, mshahara wake unacheleweshwa na hakuna wa kumsemea. Ningetaka kuandika juu ya hili peke yake, na Mungu akinipa uzima nitaliandika, maana wengine wenu mnanielewa vizuri mno.

Kwa mabinti wenyewe mnaolea, machache, na haya sitayaeleza. Maji ya kunywa yachemke. Choo kioshwe hata kama kitanda hakikutandikwa. Mafuta ya taa, dawa na viuatilifu viwe juu, na kamwe visikae kwenye chupa ya soda. Kila ndoo mfuniko. Chakula kifunikwe. Chandarua. Mikono kwa sabuni. Mtoto wa miaka minne anaweza kupeleka kikombe chake jikoni, wa kiume kwa wa kike. Ukichagua kati ya kudeki na kulala saa moja mtoto akiwa amelala, lala. Usimwombe mgeni msamaha kwa ajili ya vitu vya watoto. Na vile vikombe vya kabatini, vitoeni. Mmesikia? Vitoeni leo jioni mnywe chai na watoto wenu, na kikivunjika kimoja msimpige mtu.

Uvivu upo, silikatai. Wapo wanaokaa na simu tangu asubuhi na sahani za juzi zinatoa harufu. Hao wanajijua, na wenye nyumba jirani wanawajua. Lakini mama aliyechoka hafanani na mama mvivu, na aliyelea watoto anawatofautisha kwa kuwatazama usoni tu. Nyinyi sita mliutazama uso wa mwenzenu dakika ngapi kabla ya kutazama beseni?

Kwa hiyo nimeamua, kama mlezi wa kikundi. Picha ile ifutwe, na kila aliyeituma mbele aifuatilie huko ilikokwenda. Aliyeipiga ataongoza zamu ya kumsaidia mzazi kwa siku zilizobaki kufikia arobaini: kufua, kuteka maji, kumpeleka mkubwa kucheza. Si adhabu. Nataka tu aone nyumba ile saa nane mchana siku ya Jumanne, watoto wote wawili wanalia na mkaa umelowa. Faini ya kikundi hailipwi kwa fedha safari hii.

Na wewe mwanangu uliyejitoa, najua barua hii itakufikia, wanawake wa mtaa huu hawakosi kumfikishia mtu habari. Jumamosi asubuhi nakuja, kabla jua halijakolea, kwa ajili ya goti. Nitapiga hodi mara moja tu na mlango niukute umeegeshwa. Zile nguo za nyuma ya pazia uzitoe zilale kwenye kochi, nitakunja nikiwa nimekaa. Beseni liache lilivyo, usiloweke, usipange. Nitakaa kigodani nalo na mjukuu wangu wa miaka mitatu atanishikia sabuni. Mkaa nitabeba wangu. Wewe ukishaninyoshea mkono wa salamu, mchukue kichanga mkalale, na nikikukuta umeshika ufagio tutagombana.

Ni mimi, shangazi yenu,
mwenye nyumba ya gari la magurudumu matano.