Kondoo wa kwenye hadithi zetu katoka wapi?

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo linanikaa rohoni siku nyingi.

Mimi nachora katuni na kutunga hadithi za watoto. Kila nikifungua kurasa za watoto kwenye magazeti yetu nakutana na kondoo yule yule, mweupe, mviringo, sufu imemfunika mpaka miguu haionekani, macho vidoti viwili, na kazi yake kwenye hadithi ni kudanganywa na fisi halafu analiwa. Vijana wanaochora viumbe wa kufikirika nao ndio hivyo hivyo, wanamchukua huyo huyo wanambandikia mabawa na pembe ya dhahabu, basi, wanasema wamebuni mhusika mpya.

Huyo kondoo kwetu hayupo bwana. Nenda Longido au vuka mpaka uingie Kajiado, kondoo wa Kimaasai ni wa rangi nyekundu ya kahawia, nywele fupi zimelala mwilini, na mkia mnene wenye akiba ya mafuta inayomvusha kiangazi. Halafu ana kitu ambacho mtunzi yeyote angekipigania: minyoo wale wanaokaa tumboni na kunyonya damu, wanaoua kondoo wa kigeni kwa makundi, yeye anawastahimili. Watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, miaka ya 1990 waliwaweka kondoo hao pamoja na Dorper, aina ya kondoo wa kigeni, kule Diani pwani ya Kenya, kwenye joto na unyevu ambao minyoo inaupenda, na wa Kimaasai wakaonekana kustahimili vizuri zaidi. Sasa wewe unatafuta shujaa wa nini huko mbali wakati shujaa anachunga mbele yako?

Ninachosema ni kwamba nguvu za mhusika zitoke kwa mnyama mwenyewe, na ili uzipate inabidi ukae naye, umuone anavyotunzwa. Angalia mfugaji anavyompima damu bila kipimo chochote, anamshika kichwa, anabonyeza taratibu kope ya juu na kuivuta ya chini kwa kidole gumba, anaangalia rangi ya ndani. Ikiwa nyekundu kondoo yuko salama, ikipauka mpaka nyeupe basi damu imenyonywa na dawa ya minyoo inatakiwa upesi. Mimi nilivyoona hilo nikatunga bibi kondoo mganga ambaye hasikilizi maneno ya mgonjwa hata kidogo, anafungua kope tu na kusoma ukweli. Hiyo sikuitoa kichwani, imetoka zizini.

Na jicho lenyewe jamani! Mboni ya kondoo imelala, ni mstari wa mlalo, na inampa kuona karibu pande zote bila kugeuza shingo. Akiinamisha kichwa kula majani ungetegemea ule mstari usimame wima, lakini hapana, jicho linajizungusha lenyewe ndani ya tundu lake na mstari unabaki sambamba na ardhi, watafiti walilieleza vizuri mwaka 2015. Mnyama anakula huku upeo wa macho haumpotei. Wachoraji wengi wanamwekea mboni ya duara na hapo wanakuwa wameshatupa nusu ya uchawi wake.

Halafu hili la ujinga, hili ndilo linaniuma zaidi. Mwaka 2001 mtafiti Keith Kendrick na wenzake kule Uingereza walionyesha kwamba kondoo anaweza kukumbuka nyuso za kondoo wenzake 50 kwa zaidi ya miaka 2. Mwaka 2004 ikaonekana kwamba kondoo aliyetengwa peke yake, ambaye kwa kawaida anahangaika na kulia, anatulia kidogo akionyeshwa picha ya uso wa kondoo mwenzake, ila ya mbuzi haimtulizi hivyo. Yaani picha! Mimi kama mchoraji hapo nilisimama kabisa. Huko kukimbia kwa pamoja tunakokuita ujinga ndiyo ulinzi wake, hana meno ya kung'ata wala kucha, kundi ndiyo ngome yake na akibaki peke yake ndipo anapoliwa.

Hata udhaifu wake ni mali kwa mtunzi. Kondoo hawezi madini ya shaba yakizidi, yanajikusanya kwenye ini kimya kimya mpaka siku moja yanamwagika kwenye damu na anakufa, ndiyo maana wataalamu wanakataza kumpa kondoo chakula au chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya mifugo mingine bila kuangalia kiasi cha shaba. Fikiria ufalme wa kondoo ambao adui anakuja na zawadi ya taji la shaba. Au mama kondoo, ambaye ndani ya saa chache baada ya kuzaa anaikariri harufu ya mwanawe na kuanzia hapo akija mtoto mwingine kunyonya anampiga kichwa, mchawi akiiba harufu ya yule mtoto itakuwaje? Hadithi nzima hiyo hapo na hujaongeza hata bawa moja.

Kwa hiyo mhariri ombi langu ni hili, mkiitisha tena shindano la kuchora la watoto muwawekee sharti wakamtazame kondoo wa kweli kwanza, zizini au hata mnadani, na kila mchoro uje na sentensi mbili za alichokiona mtoto mwenyewe. Na mumpe daktari wa mifugo kona ndogo hapo pembeni awajibu maswali yao, maana watauliza mengi. Kazi ya kuikagua hiyo michoro mimi niko tayari kusaidia bila malipo.

Mchora katuni,
Arusha